Mifupa Myekundu ya Mwalimu Zuurakan

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Sagyndyk Toktorov, Mkuu wa Elimu wa wilaya yetu, mwalimu mkuu, wazazi, na bibi zetu mliowahi viti vya karibu na jiko la makaa:

MAKARIBISHO

Sisi wanafunzi wa darasa la saba, Shule ya Kara-Bulung, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Kondoo ameshachinjwa, kichwa chake ni chako kama ilivyo ada, na mandazi yamekaangwa tangu alfajiri. Mwalimu mkuu aliipitia risala hii akafuta aya tatu. Tumezirudisha. Tunamwomba asitukodolee macho, maana msomaji wetu, Begaiym, ana aibu.

Tunajua kwamba mkobani mwako mna barua ya kumhamishia Mwalimu Zuurakan, anayetufundisha Kikirigizi, kwenye ghala la vitabu huko mjini, na kwamba utaitia sahihi baada ya chakula. Ndiyo maana tuliomba kusoma kabla ya chakula.

HISTORIA

Miaka thelathini na mmoja iliyopita, Mwalimu Zuurakan alichukua mifupa ya vifundo vya kondoo, ile tunayochezea uani, akaipaka rangi na kuiandika vitenzi. Myeupe ni vitenzi vya kwanza, myekundu ni vya pili. Unatupa mmoja wa kila rangi, unaviunganisha, unatunga sentensi. Ukipatia, mifupa ni yako mpaka kengele.

Katika Kikirigizi chetu, kitenzi cha kwanza hubeba maana na kuvaa kimkia chake, yaani kiambishi cha mwishoni. Cha pili huvua maana yake mlangoni kama viatu, ndipo huingia kusaidia. "Andika" ikikutana na "chukua", umejiandikia mwenyewe. Ikikutana na "pa", umemwandikia mwenzio. "Soma" na "toka" ni kusoma hadi mwisho. "Andika" na "lala" ni kuwa katikati ya kuandika, hata kama umesimama wima ubaoni.

MAFANIKIO

Nusu yetu tulizaliwa Urusi, wazazi walikokwenda kutafuta kazi. Mwenzetu Ilgiz alirudi akiwa na miaka kumi, anajua Kirusi tu. Bibi yake, yule mwenye kitambaa cheupe, alikuwa akimwita "mgeni wangu", na alikuwa hatanii. Ilgiz alitupa mifupa miezi mitano. Siku moja wakinywa chai akamwambia, "Bibi, hebu nisimulie ulipokuwa mdogo," kwa "sema" na "pa", bila kukosea. Bibi akacheka kwa "tuma", yaani akaangua kicheko. Hapo hapo akalia kwa "tuma", yaani akaangua kilio.

Kesho yake Ilgiz alitwambia, "Jamani, nimekiona kitenzi kimoja kikifanya kazi zamu mbili!"

CHANGAMOTO

Mwezi uliopita mkaguzi alitukuta sakafuni.

"Mnafanya nini?"

"Sarufi, mheshimiwa."

"Sarufi gani hiyo ya kulala kifudifudi? Mwalimu wenu yuko wapi?"

Mwalimu Zuurakan alikuwa chini ya meza, anatafuta mfupa uliobingirika. Akajibu kutoka huko huko: "Niko huku! Usogeze mguu, umekanyaga 'kaa'!"

Mkaguzi akaandika "kamari". Hatukatai kwamba Adilet hupiga makelele akishinda. Ila ijulikane pia kwamba mkaguzi mwenyewe alitupa mara mbili, akakosa zote mbili. Pengine hilo ndilo lililomuudhi.

Tangu siku ile mwalimu anafundishia ubaoni, ametupa mgongo, na vitabu vyake ameanza kuvipanga kwenye maboksi. Ilgiz ameanza tena kujibu kwa Kirusi. Mgeni rasmi, tunaogopa.

Changamoto nyingine ni ya zamani. Kwenye mfuko wa mifupa hiyo umepungua mfupa mmoja mwekundu, ule wa "ona". Ukifuata kitenzi kingine, maana yake ni kujaribu: "kula" na "ona" ni kuonja. Mwalimu hataki kuchora mwingine. Anasema aliutoa zawadi kwa kijana wa darasa lake la kwanza kabisa, siku alipokuwa anakwenda chuo. "Alikuwa hawezi kuunganisha hata vitenzi viwili," husema, "mpaka nilipomlaza sakafuni." Jina hajawahi kututajia.

MAOMBI

Tunaomba vioo viwili vya madirisha, na makaa ya kutufikisha majira ya machipuko. Hayo mwalimu mkuu aliyaacha. Linalofuata alilifuta.

Asubuhi ulimpa Begaiym funguo za gari akakutolee mkoba. Kwenye funguo hizo unaning'inia mfupa mwekundu. Rangi imepauka, lakini maandishi bado yanasomeka.

Hatuombi uurudishe. Ulipewa, ni wako. Tunaomba tu kwamba, kabla hujaifungua ile barua, uvue koti, ushuke sakafuni pamoja nasi, uutupe mara moja. Mwalimu Zuurakan hakujua kwamba tumeuona, mpaka dakika hii. Yule pale kando ya jiko, anajifanya anachochea makaa.

Mungu akupe safari nyeupe, yaani njema, mifugo minene na wajukuu wanaoongea na bibi zao.

Ni sisi, Darasa la Saba, Kara-Bulung.

Mfuko wa mifupa uko chini ya kiti chako.