Mama Kiberiti na Majora ya Shemeji

Baada ya kutumikia karakana yetu ya mapazia na matandiko kwa miaka ishirini na sita, mnunuzi wetu wa vitambaa anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Juni. Sisi humwita Mama Kiberiti, naye huitika.

Alianza kwa kupiga pasi foronya. Alipokabidhiwa ununuzi, aliweka utaratibu wake: jora la kitambaa likifika, huchomoa uzi na kuuwasha. Pamba huacha jivu laini linalonukia karatasi iliyoungua. Uzi wa plastiki hujikunja na kuwa punje ngumu. Moto hausemi pamba ililimwaje, kwa hiyo hilo alilifuata shambani, kwa wakulima wasiopulizia dawa, akarudi na matope viatuni na kukalia kiti cha meneja.

Mara moja tu hakuwasha. Majora yale yaliletwa na shemeji yake, mume wa mdogo wake, akaona haya kumkagua mtu wa nyumbani kama mwizi. Kwa majora hayo tulishona shuka za mtoto ambaye ngozi yake huchubuka akilalia kisicho pamba tupu. Mama yake alikuwa amezunguka maduka yote akachoka.

Siku mteja anakuja kuchukua mzigo, fundi wa pasi alisema kitambaa kinanata kwenye pasi. Shemeji alikuwa palepale, anakunywa chai yetu. Mama Kiberiti alimtazama, akazitazama shuka, akachomoa uzi.

"Shemeji, unaniaibisha mbele za watu," yule mwanamume akasema.

"Heri tuaibike sisi, shemeji, kuliko mtoto wa watu achubuke. Sogeza kikombe."

Uzi ulijikunja. Punje ikadondoka mezani, nyeusi. Mteja alikuwa ameshafika mlangoni. Mama Kiberiti alimwambia kosa ni lake, hakuwa amepima. Kisha akatandua shuka za kitanda chetu cha maonyesho, ambazo uzi wake aliuchoma mwenyewe, akamkabidhi.

Shemeji aliondoka bila kuaga. Miezi ikapita hakanyagi nyumbani kwa Mama Kiberiti. Mdogo wake akawa anakuja peke yake, hakai sana. Hapa kazini tulijifunza kutouliza habari za nyumbani.

Asubuhi moja shemeji aliingia na jora begani na kiberiti chake mwenyewe. Hakusalimia mtu. Alichomoa uzi, njiti ya kwanza ikamzimikia, akawasha ya pili. Jivu likaanguka laini. Mama Kiberiti akaagiza chai.

Mama, tunakushukuru kwa kila usingizi mzuri uliopita mikononi mwako. Tunakuombea afya, raha na wajukuu wasiokuchosha. Shuka tunazokupa leo ni za kitambaa cha shemeji, na ameketi safu ya mbele. Kiberiti kiko juu ya kifurushi. Washa tu, hakuna atakayenuna.