Mapanga Yanayozunguka Kinyume

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mkuu wa Chuo, walimu wenzangu, wanafunzi wangu wa karakana, wazazi na wageni waalikwa, habari za asubuhi.

Nimepewa dakika tano, na wanaonijua wanajua kwamba dakika tano ndizo ninazotumia kutafuta miwani. Nivumilieni. Ninastaafu leo, na kuanzia kesho sina kipindi cha kuwahi.

Kwa miaka ishirini na miwili nimewafundisha vijana wa chuo hiki kutengeneza mapanga ya mtambo wa upepo kwa bomba la plastiki, lile la maji machafu. Bomba unalipasua kwa urefu, unalaza kiolezo cha katoni juu yake, unachora, unakata kwa msumeno, unapiga tupa, kisha unapiga msasa mpaka ukipitisha shavu halikwaruzwi. Mapanga matatu, mota kuukuu, na taa inawaka. Mgeni Rasmi ameyasifu sana alipotembelea karakana. Ila nilimwona akitazama juu ya paa, akamnong'oneza dereva wake. Mheshimiwa, nilisikia. Ulisema, "Mbona ule unazunguka kinyume?"

Ngoja nikujibu mbele ya watu.

Kiolezo cha mtambo ule alikikata kaka yangu, fundi redio, ambaye mtaa mzima ulimwita Mashoto kwa sababu kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto. Alikichora akianzia upande wake, na mapanga yakatoka yamegeukia upande ambao mitambo ya wenzetu haigeukii. Siku ya kwanza tulipousimamisha nyumbani, mzunguko ule wa kinyume ukailegeza nati ikajifungua yenyewe, mapanga yote matatu yakaruka na kutua kwenye kamba ya nguo za jirani. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia, "Kaka, na upepo nao unataka uwe mashoto?" Akatoboa ekseli, akapitisha pini, akarudisha mapanga, akaniuliza, "Mdogo wangu, taa inawaka au haiwaki?" Ilikuwa inawaka.

Mwaka uliofuata aliaga, akaenda kutafuta kazi mbali. Nilimbebea begi hadi kituo cha mabasi. "Nikirudi sitauliza njia," alisema. "Nitatafuta nyumba ambayo mapanga yake yanakwenda kinyume." Alipiga simu kila wiki, baadaye kila mwezi, baadaye namba yake ikawa haipatikani. Leo ni miaka kumi na minane. Nimemkumbuka kaka yangu, jamani. Nimemkumbuka mpaka nimechoka kumkumbuka, na bado.

Nyumba yetu ilibomolewa barabara ilipopanuliwa, wengi wenu mlinisaidia kuhama. Chuo kikanipa nafasi kwenye paa lake, nikausimamisha mtambo pale, unaonekana tangu njia panda.

Ndugu Mkuu wa Chuo, ninajua muhula ujao mnaleta kiolezo kipya, na mnataka mitambo yote ya chuo ifanane. Wafundisheni vijana hicho kipya. Nimekijaribu mwenyewe, kinavuta upepo vizuri kuliko chetu, na ninalisema hili roho ikiniuma. Lakini ule mmoja wa juu ya paa ninaomba msiuguse. Panga likipasuka, kateni jingine kwa kiolezo cha kaka yangu. Nimekiacha kabatini, kimefungwa kwa uzi. Ni nani kati yetu hapa hajawahi kuacha kitu kama kilivyo, ili mtu wake akirudi akikute?

Na kama siku moja mzee mwenye mvi atasimama pale getini, akatazama juu kwa muda mrefu kuliko wapita njia wengine, msimuulize ana shida gani. Mpelekeeni kitabu cha wageni asaini, muangalie kalamu ameishika kwa mkono upi. Kisha mnipigie.

Nawashukuru nyote mlionitegea sikio leo, na mlionivumilia miaka yote hii. Namba yangu ya simu sijaibadilisha.