Bima ya Mashine ya Kuranda

Nilijifanya nasoma gazeti, lakini lilikuwa la jana. Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya basi, seremala mwenye vumbi la mbao masikioni alikuwa akimsimulia mama aliyekaa naye jinsi alivyoikatia bima mashine yake ya kuranda.

"Na mikono je?" mama akauliza.

"Mikono nani ataiiba, mama?" Alicheka peke yake.

"Mume wangu ni fundi wa rangi. Tulimkatia bima ya maisha, tukajiona wajanja. Akaanguka kwenye ngazi, akavunjika mgongo. Nikapeleka karatasi ofisini, wakaniambia bima ile inalipa akifa tu. Kumbe ipo ya ulemavu, ya mtu asiyeweza tena kufanya kazi. Hatukuuliza."

"Mimi niko makini. Miaka ishirini sijakatwa hata ukucha."

"Hata yeye alikuwa makini, mwanangu. Ngazi ndiyo haikuwa makini."

Seremala alikunja vidole, akavikunjua. Nami nilivitazama vyangu, vya karani.

Basi likasimama. Mama akainuka, akajifunga mtandio vizuri. "Siku hizi kila asubuhi ananiomba msamaha."

"Kwa kuanguka?"

"Kwa kutokufa," akasema, akashuka.