Anatole Nimbona, Kocha Aliyesema Bado

Niko na miaka sabini na nane. Nimeishi kupita vita mbili, wake zangu wawili, na komite saba za hiki kituo chetu cha vijana hapa Point, Durban. Hii ya nane ndiyo imeniomba niandike. Kwa hiyo mtu wa miaka arobaini asinikatize.

Kocha Anatole Nimbona anastaafu Jumamosi hii, tarehe ishirini na tisa mwezi wa kumi na moja, baada ya miaka ishirini na nne ya kufundisha watoto wetu basket. Mimi ndiye mshika funguo za ukumbi na mgeuza namba za pointi. Hakuna mechi yake ambayo sikuiona, na sijawahi kukosea pointi, hata marefa wanajua. Dada Laurette, katibu wa komite, amenyoosha herufi zangu. Maneno nilimkataza kugusa. Aliniomba niweke mambo ya kufurahisha. Yako mengi, nianze nayo.

Anatole alikuja kutoka Bujumbura, kule alikuwa mwalimu wa michezo. Hapa Durban alipata kazi ya kulinda magari South Beach, na ni katikati ya magari ndiyo alianza. Watoto wa zile flat walikuwa wanapiga mpira ukutani tu. Akawaonyesha kuudunda kati ya gari mbili bila kugusa kitu. Kioo kimoja kilivunjika, na mwenye gari, baada ya kumtukana mpaka akachoka, ndiye alitununulia kikapu cha kwanza. Mistari ya uwanja tulichora mimi naye kwa kamba na rangi nyeupe. Watu wa manispaa walikuja kupima, wakakuta imepinda kidogo upande wake. Upande wangu iko sawa mpaka leo.

Tukienda mechi mjini tulienda kwa miguu, na kila robot nyekundu, zile taa za barabarani, alisimamisha timu nzima, wakadunda mpira kwa mkono wa kushoto mpaka robot igeuke kijani. Madereva wa taxi walipiga honi, wengine walihesabu kwa sauti. Ndiyo sababu watoto wa Point wana kushoto kuzuri kuliko wa Pinetown. Tulichukua kombe la mji mara mbili. Odette, aliyekuwa anasuka nywele na mama yake, chuo kikuu kilimsomesha kwa ajili ya basket, na leo anatibu viungo vya watu hospitali.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa jicho. Watu walimpigia simu kutoka Joburg, Kigali, hata Ulaya: kocha, iko kijana mrefu hapa, tuambie ameiva au hajaiva. Anatole hakutazama sana vile anafunga. Njia yake ilikuwa moja. Anamwita kijana kwenye mechi kubwa, mbele ya watu wake mwenyewe, anamvalisha jezi, halafu hamwingizi. Anamweka benchi toka mwanzo mpaka mwisho na kumwangalia. Alisema mtu akicheza, mpira unamficha.

Sasa nifike kwa Arnaud. Laurette alitaka niruke hapa. Siruki.

Arnaud alizaliwa Liège, Ubelgiji, na ni Mzungu kwa kila kitu isipokuwa rangi na jina la ukoo. Miaka kumi na tisa, mita mbili na zaidi, mkono laini. Baba yake, Ezéchiel, Anatole alimfundisha Bujumbura akiwa mdogo. Shangazi yake ni Mama Agathe, mwenye saluni kule mjini. Mwaka huu mwezi wa nne ligi yao ilikuwa imekwisha, akaja kwa shangazi. Ajenti wake alikuwa ameandikisha jina lake kwa drafti ya NBA, ile siku timu za Amerika zinachagua vijana wapya kwa zamu. Jina liliweza kuondolewa kabla ya tarehe fulani. Likibaki na asichaguliwe, mlango ule umefungwa. Ezéchiel alimwambia mwanawe: Anatole akisema ndiyo, jina linabaki. Akisema hapana, unangoja.

Wiki mbili tulimwangalia mazoezini. Alikuwa anafunga kutoka mbali mpaka mimi nikachoka kugeuza namba. Halafu ikaja mechi ya Pinetown. Mama Agathe alifunga saluni, wanawake wakaja na vitenge vya sare, ngoma ikaingia ukumbini. Na Anatole akamkalisha Arnaud benchi.

Mwanzoni alipiga makofi kama wengine. Kufika mapumziko alikuwa ametoa simu. Baadaye alijifunika taulo kichwani. Nafasi yake alicheza Peguy, mfupi, anayetengeneza simu West Street, na Peguy alipoanguka vibaya benchi yote ilisimama. Arnaud hakusimama. Mimi nilikuwa nimeshaona tangu alipotoa simu, lakini kazi yangu ni namba.

Kesho yake Anatole alimpigia Ezéchiel mbele yangu. Alisema, "Mikono iko tayari, miguu iko tayari. Kukaa bado. Kule atakaa benchi mwaka mzima katikati ya watu wazima, na shangazi hayupo. Nipe mwaka mmoja, ndugu yangu. Nakuomba."

Habari ilifika saluni kabla ya Anatole mwenyewe. Alipopita kusalimia, Mama Agathe alimwambia akiwa bado anashika nywele za mteja: "Papa Anatole, wewe umekaa benchi maisha yako yote. Ndiyo maana unataka kila mtu akae na wewe." Wateja walicheka. Anatole alicheka pia, na akamsalimia mteja.

Nyumbani kwake Liège watu wake walimshinda Ezéchiel. Jina likabaki. Halafu Mama Agathe na watu wake wa hapa wakafanya kosa ambalo ni letu sisi: kanisani wakafanya ibada ya shukrani kabla ya siku yenyewe, kwamba imani inashukuru mapema. Suti mpya, keki ya umbo la mpira, pilau ya watu mia. Anatole alikwenda, akakaa nyuma, akatoa sadaka yake.

Mwezi wa sita majina yalisomwa yote. La Arnaud halikuwemo. Asubuhi ile saluni haikufunguliwa. Timu yake ya Liège ilikuwa imeshachukua mwingine, sababu ajenti aliwaambia kijana harudi. Mpaka leo hana timu. Ezéchiel anasema hatoki chumbani.

Eish. Mtu angefikiri sasa watakuja kumwambia kocha: ulisema kweli. Walisema mdomo wake ndio ulifunga njia. Kwamba alitamka bado, na bado ikamshika mtoto. Mzazi mmoja akaondoa mwanawe ili na huyu asishikwe, halafu mwingine, halafu wale wa jengo zima. Timu iliyokuwa inajaza benchi mbili, kufika mwezi wa tisa ilikuwa na watu watano. Watano wanacheza, benchi haina mtu. Anatole alikaa pale peke yake na chupa zote za maji.

Komite imeandika anastaafu kwa ajili ya umri. Mimi namshinda miaka kumi na tatu na bado nashika funguo.

Kocha, asante kwa watoto wote, hata wale waliofundishwa kukuogopa. Upumzike salama, magoti yako yapone, na Mungu akupe majirani wasiosikiliza saluni. Mahali pako pa benchi sitaruhusu mtu aweke viti vya harusi.

Anayebisha haya, mashahidi wako. Peguy alikuwa sakafuni, muulizeni nani alisimama. Mama Agathe yuko, na akikataa kusema, hilo pia ni jibu. Na Arnaud mwenyewe. Anatole humpigia kila Jumapili baada ya misa, simu inalia mpaka inakatika, na Jumapili nyingine anapiga tena. Siku kijana atakapoishika, muulizeni yeye.

Athanase, mshika funguo