Krosi ya Bi Mkubwa

Sogeeni karibu, wanangu, nyote wawili, na wewe dada yangu kaa hapo miguuni pangu uwe shahidi, ila mwenye grisi mikononi asiguse shuka, maana shuka hili limefuliwa leo kwa ajili ya wageni wanaokuja kuniaga, na sitaki waende kusema mzee alikufa gereji. Nisikilizeni mpaka mwisho bila kunikatiza. Pumzi niliyobakiwa nayo ni ya kusema, si ya kubishana, na nyinyi kwa ubishi nawajua.

Tangu asubuhi nimelala hapa nasikia vyuma vikigongana uani, halafu kimya, halafu matusi, halafu kimya kibaya kuliko matusi. Nikajua difu limekataa kuungana na propela.

Shangazi yenu ananikodolea macho, basi nimweleze. Dada yangu, propela ni ule mtaimbo mnene unaozunguka chini ya lori, unapeleka nguvu kutoka gia boksi hadi kwenye difu la nyuma, na difu ndilo linalozungusha magurudumu. Pale vinapokutana pana krosi, kichuma chenye mikono minne: miwili inashikwa na masikio ya propela, miwili na masikio ya difu. Masikio yakipishana ukubwa, hapaendi mtu. Difu letu la zamani lilisagika meno, wanangu wakapata lingine la lori la aina nyingine, likaja na masikio makubwa kuliko ya propela yetu. Hapo hawakukosea, kwani lori letu hili, Bi Mkubwa, kwa umri wake halina tena wa rika lake.

Walipokosea ni baadaye. Wewe mkubwa, fundi mzima mwenye gereji yako, ukaibeba propela kimyakimya kwa mchomeleaji, akaikata masikio madogo na kuitia makubwa ili ilingane na difu. Na wewe binti yangu, dereva ambaye stendi nzima inakupisha, siku zilezile ukalichukua difu hadi kwa mkereza vyuma, akalitoa masikio makubwa na kulitia madogo ili lilingane na propela. Kila mmoja akajipongeza moyoni. Leo mmekutana chini ya lori, propela ina masikio makubwa na difu lina madogo. Mmehangaika huku na huko mkarudi palepale, ila sasa mmepageuza nyuma mbele! Ningecheka, lakini nikicheka nakohoa, na nikikohoa shangazi yenu anaanza kulia.

Na mlifikaje huko? Kwa sababu tangu tumzike mama yenu hamsemezani. Mnapishana mlangoni kama wapangaji. "Shangazi, mwambie huyo nimemaliza." "Shangazi, mwambie huyo asiguse kitu." Shangazi yenu akachoka kuwa posta, hakumwambia yeyote chochote, na mimi nampa haki yake.

Najua kinachowatafuna. Kila mmoja anadhani mwenzake ndiye aliyechelewa kumpeleka mama hospitali. Nitazameni usoni. Mimi nilikuwa naye, nilimshika mkono, na nawaambia hakuna aliyechelewa. Aliwaulizia nyote wawili kwa pamoja, kwa sauti moja, kama alivyokuwa akiwaita kula. Inaniuma sana kuwaacha hivi, inaniuma kuliko huu ubavu.

Mama yenu alinikuta na lori. Siku alipoingia nyumba hii akaniambia, "Hili ulianza nalo, basi bi mkubwa ni hili, mimi bi mdogo," na jina likaganda hapohapo. Miaka yote akilisalimia asubuhi kabla yangu. Mwanamke yule aliweza kuishi na mimi, na ndugu zangu, na majirani, watu ambao hakuna hata mmoja aliyelingana na mwenzake.

Sasa mali. Nyumba ni yenu wote na shangazi asitolewe chumbani kwake. Spana zote ni za mkubwa, isipokuwa ile ndefu yenye mpini uliofungwa kitambaa, hiyo ni ya binti kwa sababu ndiye aliyekuwa akiirudisha mahali pake. Yule fundi betri wa jirani, aliyeazima jeki yangu akairudisha imepinda na kuapa kwamba niliinunua hivyo, nimemsamehe, ila asipewe nafasi ya kuhutubia mazishini kwangu. Abebe jeneza kama wengine, tena upande mzito.

Na jeneza lenyewe lipande Bi Mkubwa. Sitaki pikapu ya kukodi. Nimelala chini ya lori lile ujana wangu wote, safari hii nataka kupanda juu.

Mnatazamana sasa, kila mmoja anangoja mwenzake aseme atarudisha masikio ya zamani. Hakuna atakayesema, nawajua, mmenirithi. Basi mkubwa, ingiza mkono chini ya godoro, huku ubavuni pangu. Polepole! Hapo. Toa kikopo. Daktari alisema ni uvimbe unaonikosesha usingizi, nikamwacha aamini.

Fungua. Umeiona hiyo krosi? Itazameni mikono yake. Miwili mipana, miwili midogo. Ilitengenezwa ili kuunganisha vitu visivyolingana. Upande mpana utauweka kwenye propela na mdogo kwenye difu, na kama msingegusa kitu ingewekwa kinyume chake na kufanya kazi ileile. Nilikuwa nayo siku zote. Mngeniuliza! Lakini mlisema, "Mzee mgonjwa, tusimsumbue."

Hakuna wa kurudisha chochote, basi, na hakuna wa kushindwa. Ila sikilizeni... nipeni maji kidogo. Sikilizeni. Krosi hiyo haiingizwi na mtu mmoja. Kila mkono wake huvikwa kikombe kidogo cha chuma, na ndani yake mna sindano ndogondogo za chuma, zimesimama kwa grisi tu. Mmoja anasukuma kikombe, mwenzake anashikilia krosi iliyo katikati isiyumbe, na lazima mwambiane: sukuma, ngoja, taratibu, hapo hapo. Mkinyamaziana sindano zinaanguka, na mkilazimisha mnaiponda. Na nyingine sina.

Semezaneni, wanangu. Hata kama ni hayo tu.

Nawabariki... wewe mkubwa, na mikono yako. Wewe binti yangu, na njia zako zote. Mkae vizuri. Mwenzako akichelewa, umngoje. Dada, usilie, sijakohoa.

Nendeni sasa, jua lingali juu. Kikopo mkishike wote... eeh, hivyo. Mkimaliza washeni lori, mzunguke nalo uani mara moja, mpite hapa chini ya dirisha. Dirisha liacheni wazi. Masikio yangu bado yapo. Likigonga vyuma kule chini, nitaamka nije mwenyewe.

Lisipogonga... msiniamshe.