Kiti Changu Kiende kwa Kiplangat

Sogeeni, wanangu, na wewe Dualeh acha kuyapima magurudumu ya kiti changu kwa macho, bado sijafa. Nyumba hii ya Bondeni mgawane kama sheria ya Mungu inavyosema. Cherehani ya mkono achukue Kuluthum, maana kaka yake hata kifungo hajui kushona. Sasa tuje kwenye kiti, nimewasikia jikoni mkigombana: mmoja anataka kukivunja atengeneze mkokoteni wa maziwa, mwingine anataka kukiweka sebuleni na kitambaa juu, kama redio. Astaghfirullah! Kiti kile kiende kwa Kiplangat, hapo ng'ambo ya uzio.

Msigune. Najua simpendi.

Nilizaliwa miguu imelala, nikatambaa mpaka ndevu zikaota, magoti nimeyafunga mpira wa gari, na watu wa mji huu nikawajua kwa viatu vyao. Ndipo fundi wa baiskeli kule bazaar akaniundia kiti. Siku ile nilizunguka soko zima bila kununua kitu, nawatazama watu usoni, nacheka peke yangu. Furaha ile sikuipata tena hata nilipomwoa mama yenu Ladan, Mungu amrehemu, naye nilipomwambia hivyo alininunia siku nyingi.

Taabu ilikuwa wasukumaji. Mtu akikuona kwenye kiti anashika tu, anasukuma, wala hakuulizi. Kiplangat alikuwa ndiyo kwanza ameokoka, ameacha udereva wa trekta huko Rongai, ana miguu mirefu na bidii ya kutisha. Mimi naenda zangu buchari kununua maini, yeye huyo nyuma, "Twende, mzee, twende!" Napiga kelele, yeye anadhani ni mapepo. Akanifikisha kwenye mkutano wa injili, mbele kabisa, na kofia yangu ya Kiislamu kichwani, mhubiri akanguruma, "Simama!" Nikamwambia, "Mchungaji, mimi nataka maini." Watu walicheka mpaka kwaya ikashindwa kuimba, na buchari nikaikuta imefungwa. Wakati wa Dharura ya mkoloni askari naye akaninyooshea bunduki, "Simama!" Kanisa liliniamuru, serikali ikaniamuru, mimi nikakaa. Lakini Kiplangat sikumsamehe. Tangu hapo salamu hakuna, hata sahani ya Idi sikumpelekea.

Sasa kiharusi kimemwangusha. Mkewe Chepkemei anasema anashinda ndani akitazama ukuta, hataki watu wamwone akibebwa. Ukuta huo naujua mimi, nimeutazama utoto wangu wote, na inaniuma, wanangu, inaniuma sana yeye autazame huku kiti kimekaa bure hapa. Nikifa kwanza mtaanza tena mabishano yenu, basi kipelekwe sasa hivi, nikiwa bado na pumzi ya kuwagombeza. Dualeh, inuka. Mwambie gurudumu la kushoto linavuta. Afunge breki kabla ya kukalia, la sivyo ataanguka kifudifudi aseme nimemroga. Na usimsukume, mwanangu. Muulize kwanza anataka kwenda wapi, na popote atakaposema, hata kilabuni kwa walevi, mpeleke.

Nenda.

Kuluthum, maji. Kidogo tu. Siku ya kunizika nitabebwa mabegani, hilo sina la kufanya, lakini warefu wasikae wote upande mmoja, nisije nikateremka kabla ya kufika. Mpendane. Mungu awape riziki ya halali, na watoto wenye kelele, na... ngoja. Ngoja nipumue.

Nani huyo, Dualeh? Mbona mbio? Amekataa? Amekalia! Alhamdulillahi. Analia? Mwache alie. Umemuuliza? Basi sema, sauti inaniishia, anataka kwenda wapi?

Hapa?

Kwangu?

Haya... fungueni mlango wote. Wekeni ubao kizingitini, apite. Chai, Kuluthum, na sukari ya kutosha. Mungu awabariki... njooni mnishike, huku na huku. Niketisheni vizuri. Sitaki anikute nimelala.