Mama Anajaribu Sauti

MAMA: Haloo? Nani mwenzangu?

FUNDI: Ni mimi, Mama. Mwanao. Shikamoo.

MAMA: Marahaba. Sikukutambua, sauti imekukauka.

FUNDI: Usingizi tu. Nyonga inasemaje?

MAMA: Inasema nilale. Nesi kaniwekea simu yake hapa kwenye mto wa kitanda. Mmeshafika na baba yako?

FUNDI: Yupo mbele hapa, jeneza liko karibu na... Yupo vizuri. Sasa, simu yako nimeiunganisha na spika za ukumbi, watu wakusikie ukimuaga. Hebu sema kidogo.

MAMA: Ndugu zangu, poleni na — nani huyo?

FUNDI: Nani?

MAMA: Kuna mwanamke ananifuatiza. Nikisema poleni, naye poleni.

FUNDI: Ni wewe mwenyewe. Sauti yako inatoka kwenye spika, inaingia kwenye maiki yangu, inakurudia huko.

MAMA: Basi siwezi. Nikijisikia, napoteza nilichotaka kusema. Mpe shangazi yako aongee.

FUNDI: Shangazi hakuishi naye kama wewe. Subiri, nageuza spika —

[Mlio mkali.]

MAMA: Mwanangu, sikio —

FUNDI: Samahani. Nimeshusha. Samahani, Mama.

MAMA: Kazi yako miaka yote, leo ndiyo inakukatalia.

FUNDI: Haya. Nimewasha mashine ya kufuta mwangwi. Inasikiliza kinachokwenda kwenye spika, halafu inakiondoa kwenye maiki. Lakini lazima ikuzoee kwanza. Wewe ongea tu.

MAMA: Watu je?

FUNDI: Wanaingia ingia.

MAMA: Niongee nini?

FUNDI: Chochote. Ila usinyamaze.

MAMA: Chochote... Baba yako alikuwa analala upande wa dirishani. Wa kwake tangu tuoane. Mwaka jana akaniambia nihamie mimi, eti yeye anasikia baridi. Baridi, na joto lile. Aliona bega langu la kushoto linaniuma nikilala nimemgeukia, na alijua sitasema. Nikahama, nikajifanya nimeamini. Asubuhi nikamwambia upande ule anakoroma vibaya zaidi. Akafurahi, bwana. Akajua ni utani, nimelala vizuri... Huku hospitali kitanda chembamba. Bado najibana ukutani nimpishe. Imekubali?

[Kimya.]

MAMA: Haloo? Mmekata?

FUNDI: Nipo.

MAMA: Mbona kimya hivyo? Yule mwanamke kaondoka.

FUNDI: Kaondoka.

MAMA: Basi watu wakikaa uniambie nianze.

FUNDI: Wamekaa, Mama. Walikaa ulipofika kwenye bega.

MAMA: Wote?

FUNDI: Wote. Tukiongea kwa pamoja mashine inakata mmoja. Sikutaka ikukate wewe.

MAMA: Na shangazi yako kayasikia ya kukoroma.

FUNDI: Kayasikia. Anacheka, anafuta macho.

MAMA: Mimi nilikuwa nimejipangia maneno ya maana.

FUNDI: Yaseme, tunakusubiri.

MAMA: Hapana. Nimechoka, mwanangu. Na wewe umechoka. Mchukueni tu. Njiani msimkimbize.

FUNDI: Hatutamkimbiza.

MAMA: Simu ya nesi inalia hapa, chaji inaisha. Haya, mwambie baba yako —

FUNDI: Nimwambie nini? Mama?

[Simu imekatika.]

FUNDI: Jamani, simu imekatika. Tusimame. Tumnyanyue baba.